Macho ya Wasioulizwa: Kumbukumbu za Kazi ya Leza za Mipigo

Leza za mipigo zilizo salama kwa macho ni fungu la leza za hali mango, yaani leza ambazo mwanga wake huzalishwa ndani ya fuwele au kioo kilichotiwa kiasi kidogo cha madini adimu. Hutoa mwanga huo kwa mipigo mifupi mno, aghalabu ya sehemu chache za bilioni ya sekunde, na urefu wa wimbi lake huchaguliwa kwa makusudi ili mwanga ukimwangukia mtu usifike nyuma ya jicho lake ukiwa na nguvu ya kuliumiza. Kazi yake kubwa ni kuhisi kwa mbali: mpigo hurushwa hewani, chembe za vumbi na moshi, matone ya mawingu, majani ya miti au uso wa ardhi hurudisha sehemu ndogo ya mwanga huo, na chombo kiitwacho lida hupima muda uliopita kati ya kurusha na kupokea, kisha hukokotoa umbali, kwa kuwa kasi ya mwanga inajulikana na kila mikrosekunde 1 ya kusubiri ni sawa na mita 150 za umbali wa kitu kilichorudisha mwanga.

Kwa muda mrefu chombo hiki kiliishi katika maabara, vituo vya hali ya hewa na ndege za utafiti, lakini katika miaka ya karibuni kimeingia barabarani na vijijini, kikiwa kimefungwa juu ya magari na chini ya ndege zisizo na rubani zinazopima viwanja na misitu. Pamoja na kuenea huko zimeenea video zinazoonyesha kamera ya simu ikielekezwa kwenye lida ya gari inayotumia mwanga wa nanomita 1550, na papo hapo madoa ya rangi yasiyofutika yakatokea kwenye picha, jambo lililowafanya watu wengi waulize, na kwa haki kabisa, mwanga unaoua kamera unawezaje kuitwa salama kwa jicho. Swali hilo ndilo lililomrudisha mwandishi wa kumbukumbu hizi kwenye miaka aliyofanya kazi na leza zilizo salama na zisizo salama, kwa sababu jibu lake linategemea njia ambayo mwanga unapitia, na zaidi ya hapo linategemea hali ya mtu anayeupokea, hasa yule ambaye hakuulizwa kama anaukubali.

Jicho la binadamu limeumbwa kukusanya mwanga. Mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 1400, yaani ule unaoonekana pamoja na sehemu ya infraredi iliyo jirani nao, hupenya konea, ambayo ni ngozi angavu ya mbele, hupita kwenye mboni, lenzi na ute wa ndani, na hatimaye hukusanywa kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea picha, katika nukta ndogo mno, kama mtoto anavyokusanya jua kwa kioo cha kukuzia hadi karatasi ikaungua. Ukusanyaji huo huufanya mwanga unaoangukia retina kuwa mkali takribani mara 100,000 kuliko ulivyokuwa kwenye konea. Urefu wa wimbi ukivuka nanomita 1400, maji yaliyomo ndani ya konea, lenzi na ute huanza kuunyonya mwanga kwa nguvu, na kwenye nanomita 1540 karibu wote humalizika ndani ya milimita chache za mwanzo, ukiwa bado umetawanyika, ukabaki joto dogo lililosambaa. Tofauti hii ni ya uzito mkubwa, kwa kuwa kidonda cha juujuu cha konea huuma, hutibika na mara nyingi hupona, ilhali retina haina neva za maumivu, na seli zake zikishakufa hazioti tena. Aliyepigwa na mpigo wa infraredi wa nanomita 1064 hakuona kitu kabla ya kupigwa, na hata kope hazikumsaidia, maana kupepesa huchukua takribani robo ya sekunde na mpigo ulikwisha kupita zamani.

Mwandishi alianza kuielewa tofauti hiyo akiwa mwanafunzi katika maabara moja ya optiki barani Ulaya, ambako mwalimu wa mazoezi aliweka juu ya meza leza mbili, kipima nishati kimoja na kichupa cha kioo chenye upana wa sentimita 1. Kichupa kikiwa kitupu, mipigo ya leza zote mbili ilipita na kipimo hakikubadilika sana. Kilipojazwa maji ya bomba, nishati ya leza ya nanomita 1064 ilipungua kidogo tu, lakini ile ya nanomita 1540 ilipotea, na namba kwenye kipima nishati ikashuka hadi kwenye kelele ya chombo chenyewe. Mwalimu hakutoa maelezo marefu. Aliwaambia wanafunzi kwamba kichupa kitupu ni kamera na kichupa cha maji ni jicho, kisha akaendelea na zoezi. Wakati huo wote kila mtu chumbani alikuwa amevaa miwani ya kinga, taa nyekundu ilikuwa ikiwaka juu ya mlango, na daftari la watu walioruhusiwa kuingia lilikuwa limetiwa sahihi. Ulinzi wa maabara ulisimama juu ya ridhaa na maandalizi ya watu waliojua wanachokikabili, na miaka iliyofuata ilimwonyesha mwandishi kwamba kuhisi kwa mbali huondoa nguzo zote mbili kwa pamoja, kwa sababu mwanga unatumwa kwenye anga na ardhi ya watu wasio na miwani, wasio na taa nyekundu na wasio na daftari.

Kwa nini basi leza zisizo salama zilitangulia, na bado zinatumika kwa wingi? Historia yake ni fupi. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California, akitumia fuwele ya rubi inayotoa mwanga mwekundu wa nanomita 694, na kufikia mwaka 1963 Giorgio Fiocco na Louis Smullin wa MIT walikuwa wametumia rubi hiyohiyo kupokea mwangwi wa mwanga kutoka tabaka za juu za angahewa. Mwaka 1964 watafiti wa Bell Labs walionyesha leza ya fuwele ya ganeti ya itri na alumini iliyotiwa neodimi, ambayo hutoa nanomita 1064, na mwaka uliofuata Elias Snitzer na mwenzake wakaonyesha leza ya kioo kilichotiwa erbi, ambayo hutoa takribani nanomita 1540. Kwa hiyo njia iliyo salama ilijulikana mapema sana. Kilichoiweka nyuma ni ugumu wake. Atomu za neodimi huanza kutoa mwanga wa leza hata zikichochewa chache, kwa kuwa ngazi ya nishati ambayo zinaangukia huwa tupu, ilhali erbi huangukia kwenye ngazi yake ya chini kabisa, ambayo imejaa, kwa hiyo ni lazima karibu nusu ya atomu zote zichochewe kwanza kabla ya faida yoyote kupatikana. Wahandisi huongeza iterbi ndani ya kioo ili ipokee mwanga wa kuchochea na kuipasia erbi nishati hiyo, lakini kioo cha fosfati kinachofaa kwa kazi hii hupitisha joto kwa kiwango kisichofika sehemu ya kumi ya kile cha ganeti, hivyo leza ikipigishwa haraka hupata joto, mwale wake hupotoka, na ikilazimishwa zaidi kioo hupasuka.

Ugumu hauishii kwenye leza. Vigunduzi vya silikoni, ambavyo ni vya bei nafuu na hupatikana kila mahali, havioni nanomita 1540, kwa hiyo chombo huhitaji vigunduzi vya mchanganyiko wa indi, gali na aseniki, vilivyo vidogo, vya gharama kubwa zaidi na vyenye kelele nyingi zaidi. Kisha molekuli za hewa zenyewe hutawanya mwanga kwa kiasi kinachopungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, hivi kwamba mwangwi wa hewa safi kwenye nanomita 1540 ni dhaifu takribani mara 70 kuliko kwenye mwanga wa kijani wa nanomita 532. Anayetaka kupima hewa safi hupata hasara hapo, lakini anayetafuta moshi, vumbi au chumvi ya bahari hufaidika, kwa kuwa hewa hunyamaza na chembe huonekana wazi. Haya yote yanatajwa hapa ili ieleweke kwamba anayechagua mwanga salama hulipa gharama ya kweli, na kwamba anayelipwa faida yake ni mtu ambaye huenda asijue kamwe kwamba alilindwa.

Baada ya masomo mwandishi alipata kazi ya zamu katika kituo kilichokuwa na lida ya wima ya nanomita 532, iliyotokana na neodimi ambayo mwanga wake umepitishwa kwenye fuwele ya kuukata urefu wa wimbi nusu. Mwale wa kijani ulisimama juu ya paa kama nguzo, na kwa kuwa njia ya ndege za abiria ilipita karibu, taratibu za kituo zilidai kwamba wakati wote leza inapowaka mtu mmoja akae nje akitazama anga, mkononi akiwa na kitufe cha kuufunga mwale pindi taa za ndege zitakapokaribia eneo lililowekewa mpaka. Kazi hiyo iliwaangukia vijana, na mwandishi aliifanya katika majira ya baridi kali, akijifunza kutofautisha taa ya ndege na nyota iliyo chini karibu na upeo wa macho. Michoro iliyotoka asubuhi ilikuwa na mistari mieupe ya wima, kila mmoja ukionyesha dakika ambazo mwale ulifungwa, na watafiti wa kituo walikuwa wakiilalamikia kwa sababu mara nyingine mstari mweupe uliangukia hasa pale wingu lilipoanza kujengeka. Mwandishi hakuwahi kuichukia mistari hiyo, kwa sababu kila mmoja ulimaanisha watu mia moja au mia mbili waliopita juu wakiwa wamelala.

Hata hivyo zamu hizo zilionyesha jinsi ulinzi unaotegemea macho ya mlinzi ulivyo mwembamba, kwa maana mtu huchoka, ukungu hushuka, na ndege ndogo huweza kupita taa zake zikiwa zimefichwa na wingu. Jawabu mojawapo lilikuja miaka ya mwanzo ya 1990 kutoka kwa James Spinhirne na wenzake wa kituo cha NASA Goddard, ambao walipunguza nishati ya kila mpigo hadi mikrojouli chache, wakaongeza idadi ya mipigo hadi maelfu kwa sekunde, wakaupanua mwale kabla haujatoka, na hivyo wakapata lida ya kijani inayoweza kuachwa ifanye kazi mchana na usiku bila mlinzi. Ni njia nzuri, nayo imezaa mtandao wa vituo duniani, lakini mpigo mdogo huleta mwangwi mdogo, na chombo hulazimika kujumlisha mipigo mingi kwa muda mrefu, jambo lisilomfaa anayetaka kuufuata moshi unaokwenda na upepo sekunde kwa sekunde.

Jawabu la pili, lile la kubadili urefu wa wimbi, mwandishi alilikuta alipojiunga na kampeni ya kupima moshi na vumbi katika mji mmoja wa bandari, ambako lida iliwekwa juu ya paa la jengo refu na kuuzungusha mwale wake mlalo, juu ya mitaa inayokaliwa na watu. Leza yenyewe ilikuwa ya neodimi, lakini mwanga wake ulipitishwa kwenye bomba lenye gesi ya methani iliyoshindiliwa, ambamo kila molekuli huchukua kiasi maalumu cha nishati kutoka kwenye mwanga kupitia mtawanyiko wa Raman, na nanomita 1064 zikatoka upande wa pili zikiwa takribani 1543. Mbinu hiyo ilifikishwa mbali na Scott Spuler na Shane Mayor katika kituo cha taifa cha utafiti wa angahewa cha Marekani huko Boulder, Colorado, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na uzuri wake ni kwamba mtafiti hutumia nguvu ya neodimi aliyoizoea huku akimtumia jirani mwanga usiofika kwenye retina yake.

Siku ya tatu au ya nne ya kampeni, mama mmoja mkazi wa jengo lililo mkabala alipanda hadi kwenye paa akataka kujua kama mwanga ule ulimfikia mwanawe, ambaye kila asubuhi husimama dirishani kutazama meli. Mkuu wa kampeni angeweza kumjibu kwa neno moja la kumtuliza, lakini alimpa kiti, akachukua karatasi, akaandika hesabu mbele yake, na mwandishi anaikumbuka hesabu hiyo kwa sababu ameifundisha mara nyingi tangu siku ile. Mpigo wenye milijouli 100 unaotoka kupitia tundu la kipenyo cha sentimita 10 husambaa juu ya eneo la takribani sentimita za mraba 78, hivyo kila sentimita ya mraba hupata karibu milijouli 1.3. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kuangukia jicho kwenye nanomita 1500 hadi 1800 ni jouli 1 kwa sentimita ya mraba, maana yake mpigo huo, hata mtu akiweka jicho kwenye tundu lenyewe, uko chini ya mpaka karibu mara 800. Na kwa kuwa mipigo ilikuwa 10 kwa sekunde, hata jumla ya sekunde 10 za kuutazama mfululizo haikufika sehemu ya saba ya kiwango hicho. Kisha akaandika upande wa pili wa karatasi hesabu ya leza ileile kama isingepitishwa kwenye methani: kwa nanomita 1064 viwango vinavyotumika sasa huruhusu takribani mikrojouli 2 tu kwa sentimita ya mraba kwa mpigo mfupi wa namna hiyo, na milijouli 1.3 zingeuvuka mpaka huo zaidi ya mara 600.

Mama yule aliisoma karatasi kwa utulivu, akauliza ni nani anayehakikisha kwamba methani haijavuja na kuuacha mwanga wa mwanzo utoke, akaonyeshwa kichujio kinachouzuia mwanga huo na kihisi kinachoizima leza, na mwisho akauliza kwa nini watu wa jengo lake hawakupewa karatasi kama ile kabla mwale haujawashwa. Hakukuwa na jibu la kisayansi kwa swali la mwisho. Aliomba nakala, na kesho yake ilionekana imebandikwa kwenye ubao wa matangazo penye lango la jengo lake, nambari zote zikiwemo. Katika kazi yote ya mwandishi hakuna mkaguzi aliyewahi kuuliza maswali yaliyopangwa vizuri kuliko yale matatu: mwanga ni kiasi gani, kinga ikivunjika nini kitatokea, na nani ameambiwa.

Ni katika hesabu hiyo pia ambapo suala la kamera linapata maelezo yake, na wanaoliuliza hawastahili kubezwa. Lenzi ya kamera ni kioo au plastiki, na vioo vya kawaida hupitisha nanomita 1550 bila shida, kama kile kichupa kitupu cha maabara. Hakuna maji njiani, kwa hiyo lenzi huukusanya mwale kwenye kihisi kilicho nyuma yake, na kiasi ambacho kingemalizika ndani ya konea huangukia vijisehemu vidogo vya chuma na silikoni hadi vikaharibika. Kuharibika kwa kamera hakuthibitishi kwamba jicho limo hatarini, na uzima wa jicho haumpi mwenye chombo ruhusa ya kuharibu kamera za watu. Vilevile mwanga wa nanomita 1540 una mpaka wake, kwa kuwa nishati ikiwa kubwa na mwale mwembamba konea yenyewe huungua, na kwenye mikromita 2 maji hunyonya mwanga kwa ukali zaidi, ndani ya sehemu ndogo ya milimita, ndiyo sababu kiwango kinachoruhusiwa huko ni moja ya kumi ya kile cha nanomita 1540.

Leza za mikromita 2, za fuwele zilizotiwa thuli na holmi, zina mfano mmoja ambao mwandishi huutaja kila anapoambiwa kwamba usalama wa macho ni anasa ya nchi tajiri. Uwanja wa ndege wa Hong Kong umejengwa Chek Lap Kok, kando ya milima ya kisiwa cha Lantau, na upepo unaovuka milima hiyo huweza kubadilika ghafla kwenye njia ya ndege inayotua. Rada ya hali ya hewa huuona upepo kwenye mvua, lakini hewa ikiwa kavu haina cha kuakisi, na kwa hiyo mwaka 2002 kituo cha hali ya hewa cha Hong Kong kiliweka lida ya aina ya Doppler, inayopima mabadiliko madogo ya mawimbi ya mwanga yanayosababishwa na mwendo wa vumbi, ili iwaonye marubani. Chombo hicho ni lazima kiuelekeze mwale wake kwenye njia ileile ambayo rubani anakuja akiwa ametazama mbele, macho wazi, mikono kwenye usukani. Kwa mwanga wa nanomita 532 au 1064 wenye nishati ya kutosha kazi hiyo isingeruhusika hata siku moja. Hapo mwanga salama ndio unaoifanya kazi yenyewe iwezekane.

Mwandishi aliporudi Tanzania alishiriki katika upimaji wa msitu mmoja wa milima ya mashariki kwa lida ya ndege. Upimaji wa namna hiyo ulikuwa umekwisha kufanyika nchini, kwa mfano katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani na wilayani Liwale, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Norwei walitumia data za ndege kukadiria uzito wa miti na kaboni iliyomo. Lida nyingi za ndege hutumia nanomita 1064, na usalama wake hutokana na umbali: mwale hupanuka kadiri unavyoshuka, na karatasi ya chombo hutaja urefu wa chini ambao ndege isiushuke, ikitenganisha umbali ulio salama kwa macho matupu na ule, mrefu zaidi, wa macho yanayotazama kwa darubini. Sababu ya tofauti hiyo ni rahisi, kwani darubini yenye kioo cha milimita 50 hukusanya mwanga takribani mara 50 kuliko mboni iliyofunguka milimita 7.

Kwenye mkutano wa kijiji, kabla ndege haijaanza kazi, mzee mmoja alimuuliza mwandishi, “Mwanangu, tukiwa shambani, huo mwanga ukitupita tutauona?” Alipojibiwa kwamba hautaonekana kwa kuwa ni wa infraredi, alisema hilo ndilo linalotia shaka, maana moto mtu huuona akaukwepa, na wengi wakamuunga mkono. Maelezo ya urefu wa ndege na kupanuka kwa mwale yalipotolewa kwa mita na kwa mfano wa minazi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, maswali yalihamia kwenye mambo ambayo timu ya wataalamu haikuyaweka mbele. Vijana wanaowaongoza watalii wa ndege wa porini walisimama na kueleza kwamba wao na wageni wao hushinda asubuhi nzima wakitazama vilele vya miti kwa darubini, na chochote kinachopita juu, hasa chenye mabawa, hutazamwa kwanza. Katika msitu ule, mtu mwenye darubini aliyeelekeza macho juu alikuwa hali ya kawaida ya kila siku, ilhali katika karatasi ya chombo alikuwa mstari mmoja wa chini. Rubani alipewa urefu mpya, unaotosheleza umbali wa darubini, na waongozaji wakapewa ratiba ya asubuhi ambazo ndege ingepita.

Umbali ukiwa mkubwa vya kutosha huweza kufanya kazi yote ya ulinzi peke yake. Lida ya GEDI, iliyowekwa kwenye kituo cha anga za juu cha kimataifa mwezi Desemba 2018 ili kupima misitu ya dunia, ikiwemo ya Afrika Mashariki, hutumia leza za neodimi za nanomita 1064 zenye takribani milijouli 10 kwa mpigo, lakini mwale ukifika ardhini baada ya kilomita 400 hivi umekuwa duara la upana wa mita 25, na nishati yake kwa kila mita ya mraba iko chini ya kiwango cha jicho tupu karibu mara 1,000. Ndege isiyo na rubani haina faida hiyo. Inaruka mita 50 au 100 juu ya vichwa vya watu, mara nyingi juu ya soko, shule au mtaa ambao watu wake hutoka nje kuitazama kwa sababu inavuma, na mwenye kuiendesha huenda alinunua chombo kwa sababu lebo yake ilisema Daraja la 1, yaani daraja la usalama lililowekwa katika kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1, bila kusoma kwamba daraja hilo limekadiriwa kwa namna fulani ya uendeshaji, kioo cha kuzungushia mwale kikiwa kinazunguka na mfuniko ukiwa haujafunguliwa. Mwandishi ameona chombo kilichofunguliwa na fundi ili kusafishwa vumbi, kikawashwa juu ya meza mwale ukiwa umesimama mahali pamoja, na watu watatu wakiwa wamekizunguka. Mwale unaosafiri huligusa jicho kwa muda mfupi sana. Mwale uliosimama hulipiga mahali palepale kila mpigo unapotoka, na hesabu ya daraja haihusiki tena.

Katika mafunzo mafupi anayoyatoa sasa kwa wapima ardhi na waendeshaji wa ndege hizo, mwandishi huwapa washiriki karatasi za vyombo vitatu, kimoja cha nanomita 905, kimoja cha 1064 na kimoja cha 1550, na kuwataka wakokotoe kwa mkono nishati kwa sentimita ya mraba kwenye tundu, kwenye mita 50 na kwenye mita 100, kwa jicho tupu na kwa darubini, mwale ukiwa unazunguka na ukiwa umesimama. Wengi huanza wakiwa na hakika kwamba namba kubwa ya nanomita ndiyo yenye hatari kubwa, na hesabu huwageuza. Katika darasa la karibuni mshiriki mmoja, mpimaji wa halmashauri, alipomaliza hesabu yake alipendekeza kwamba fomu ya taarifa inayopelekwa kwenye ofisi ya kijiji au mtaa kabla ya kuruka iongezewe mistari minne: urefu wa wimbi, urefu wa chini wa kuruka, umbali wa hatari kwa mwenye darubini, na jina la mtu wa kumpigia simu. Wenzake walibishana kwa muda kama mwanakijiji atazielewa namba hizo, hadi mwingine akasema kwamba mwalimu wa shule ya msingi wa kijiji hicho atazielewa na ataziuliza. Mistari minne iliingizwa kwenye fomu, na ukurasa wa pili ukatengwa kwa ajili ya maswali yatakayotoka kijijini, yakiwa na nafasi ya jibu na ya sahihi ya mwenye chombo.